Kopo la Fataki na Kopo la Shaba

Jumanne, 6 Machi 1877

Theluji bado. Imefika nusu ya dirisha la karakana, kwa hiyo mwanga unaingia kwa juu tu, wa kibuluu, kana kwamba tunaishi ndani ya chupa. Bi Pruitt, mwalimu wangu, anasema anayeandika mara kwa mara hujifunza kufikiri kwa mstari ulionyooka. Najitahidi.

Zamani nilikuwa nalificha daftari hili chini ya godoro. Siku hizi naliacha mezani, karibu na mkate. Baba hawezi tena kulisoma.

Mtoto wa jicho amelifunika jicho lake la kulia lote. Kwa la kushoto anaona mwanga na vivuli. Mjini hawajui. Wanachojua ni kwamba fundi Brandauer siku hizi hainui kichwa mteja akiingia. Wanasema ameingiwa na maringo. Baba anaona afadhali hivyo.

Kazi iliyopo ni bastola za walinzi wa mgodi. Ni za wakati wa vita, za fataki: unatia baruti kwenye tundu, unashindilia risasi, kisha unabandika kifataki kidogo kwa nyuma. Mgodi unataka zigeuzwe zipige risasi za shaba, zile zinazoingia nzima nzima. Baba alizikata silinda zote kabla ya Krismasi, jicho la kushoto lilipokuwa bado linamtii. Kilichobaki kinataka macho mazima na vidole vyembamba – bamba la nyuma, nyundo, springi, skrubu. Yaani mimi.

Tumekubaliana. Bastola ya mwisho ikitoka, nakwenda Denver, shule ya walimu. Nafasi yangu inangojewa mpaka wiki ya baada ya Pasaka. Baba alisema: "Maliza za mgodi, Otti, kisha uende." Tukapeana mikono kama fundi na mteja.

Nilipomuuliza yeye atabaki na nani, alisema nimpe tupa ndogo.

Alhamisi, 8 Machi

Halvor Nesheim, mchukuzi wa barua, ameshuka leo kutoka Kipito, ile njia ya juu inayovuka mlima, na zile mbao zake ndefu za kutelezea. Masharubu yote barafu. Alisimama karibu na jiko akidondoka maji kama paa bovu.

"Mwalimu, hujambo?" Ananiita hivyo tangu alipoleta barua ya Denver.

"Sijawa mwalimu bado."

"Basi nitakuwa mwanafunzi wako wa kwanza. Nifundishe kusoma anwani za watu wenu. Kila jina refu kuliko njia yenyewe."

Ameacha bastola yake. Yeye ana seti mbili, kama watu wengi wa huku juu: silinda ya fataki na nyundo yake, silinda ya shaba na bamba na nyundo yake. Risasi za shaba zikiisha upande wa pili wa mlima, anarudisha za zamani, maana baruti na risasi ya kuyeyusha hazikosekani popote. Lakini fataki zimemlowea safari hii. Anataka abadilishiwe bastola iwe ya shaba. Hakusema kwa nini ana haraka na hakuna aliyemuuliza. Mchukuzi aliyemtangulia aliuawa huko juu, kwa ajili ya mfuko wa barua.

Kazi ya kubadilisha si kubwa. Inataka tu usichanganye. Tuna makopo mawili juu ya meza. Kopo la fataki lina nyundo bapa, zenye uso uliolala kama kidole gumba. Kopo la shaba lina nyundo zenye pini puani. Pini hiyo hupita kwenye tundu la bamba na kuigonga risasi makalioni. Nyundo zote zinaingia kwenye bastola zote. Hapo ndipo penye hatari. Ukiweka nyundo bapa kwenye bastola ya shaba, kila kitu kinakwenda: unavuta, silinda inazunguka, unafyatua, inalia tik. Ila hailipuki. Na mwenyewe hatajua mpaka siku atakapoihitaji.

Baba alinifundisha hilo kabla sijajua kuzidisha.

Jumatatu, 12 Machi

Jambo la ajabu. Bastola ya mgodi niliyoimaliza Jumamosi nimeikuta leo ina nyundo bapa. Nina hakika niliweka ya pini. Nakumbuka niliipuliza vumbi.

Baba huzipaka mafuta asubuhi nikiwa darasani kwa Bi Pruitt. Anazifungua ili mafuta yafike ndani. Lazima alichanganya makopo.

Nimeirekebisha bila kusema neno. Sitaki ajue kwamba nimejua. Mtu aliyekuwa fundi wa jeshi zima.

Jumatano, 14 Machi

Tena. Safari hii mbili.

Nimelifunga kopo la fataki kwa uzi, nikalisogeza mwisho wa meza. Baba aliuliza kopo lake liko wapi. Nikasema nimefagia. Nilisikia aibu, kumdanganya mtu asiyeona.

Kazi haisogei. Ninachofunga Jumatatu nafungua Jumatano. Theluji imeongezeka usiku na dirisha limebaki na mstari mwembamba wa mwanga kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Nimehesabu kwa penseli siku zilizobaki mpaka Pasaka, kisha nikafuta.

Jumamosi, 17 Machi

Bi Trembath amekuja na pai zake za viazi na nyama. Mumewe ndiye mlinzi wa Nyumba ya Lango, kule juu Kipitoni, na yeye hupanda kila wiki kwa sleji ya nyumbu kumpelekea chakula, theluji ikiruhusu. Mtu mwenye sauti. Karakana inakuwa ndogo akiingia.

"Fundi Brandauer, unamlisha nini huyu mtoto? Amekonda kama tupa."

Baba akasema nakula vizuri.

"Anakula moshi. Atakuja kuolewa na jiliwa hilo la kubania chuma, nanyi mtakuja kuniita harusini."

Baba akacheka kidogo. Sijamsikia akicheka tangu Januari. Bi Trembath akasema sleji za upande wa pili zimeanza tena kushuka mpaka kwenye reli ya Denver, na kwamba kufikia Pasaka njia itakuwa ngumu kama sakafu. Alisema akinitazama mimi. Baba aliacha kutafuna.

Alipokuwa akiondoka alinivuta mlangoni. "Macho yake yamefika wapi, mwanangu? Usinijibu kama hutaki. Lakini leo amenishukuru akielekeza uso kwenye sufuria."

Akanifunga shali yangu vizuri, akaenda.

Jumatatu, 19 Machi

Nataka kuandika hili taratibu.

Leo nimekuta nyundo bapa nyingine. Nikakaa nayo. Sikuifungua mara moja. Niliitazama kama Bi Pruitt anavyotufundisha kuitazama sentensi yenye kosa: kwanza tazama kilicho sahihi.

Kila kitu kilikuwa sahihi. Skrubu zote midomo yake imeelekea mtutu, kama Baba anavyotaka. Hakuna mkwaruzo hata mmoja. Springi imekazwa vizuri kuliko nilivyoikaza mimi. Mtu aliyebabaika gizani haachi kazi safi namna hiyo. Na uzi wa kopo ulikuwa umefungwa tena, kwa fundo langu.

Nikaingia jikoni. Baba alikuwa anamenya viazi. Nilichukua nyundo ile bapa nikamtia mkononi, nikasema, "Baba, nishikie hii ya pini."

Hakuigeuza hata. "Hii bapa, Otti. Umelala?"

Akarudi kwenye viazi. Kisha kisu kikasimama. Nadhani alisikia kimya changu.

Hakukosea. Hajawahi kukosea.

Jumanne, 20 Machi

Sikuitaja nyundo. Yeye pia.

Tumekula kabichi chachu. Amenipa kipande kikubwa cha nyama akijua kwa kijiko ni kipi.

Jumapili, 25 Machi

Jumapili ya Matawi. Hakuna tawi hata moja bichi mji mzima. Watoto walishika vijiti vya msonobari. 

Tangu Jumanne ninakwenda darasani na makopo yote mawili ndani ya mkoba. Yanagongana njiani. Baba ameyatafuta mezani, nimeona alama za vidole kwenye vumbi, lakini hakuuliza. Kwa hiyo kazi imekwenda. Imebaki kidogo sana.

Nilifikiri nitafurahi. Badala yake nimekuwa kama askari jela wa mzee wangu mwenyewe. Yeye kanifungia ndani, mimi nimemfungia makopo.

Leo baada ya ibada nikashindwa. Nikamuuliza kwa nini. Alikaa mikono ikiwa magotini. Mikono yake bila kifaa ndani inaonekana kama ya mtu mwingine.

Akasema mgodi ukijua fundi haoni, kazi haitakuja tena. Akasema alifikiri labda mwaka mmoja tu, mpaka azoee. Akasema kila jioni alikuwa akijiambia kesho ataacha. Halafu asubuhi ananisikia nikitoka, mlango ukifungwa, na vidole vinakwenda kwenye kopo vyenyewe.

"Ungeniambia nibaki," nikasema.

"Ungebaki."

Nilitaka kumkasirikia na sikupata pa kuanzia.

Jumanne, 27 Machi

Za mgodi zimekwisha. Karani wao alikuja na sanduku, akazijaribu nyuma ya ua, moja moja, zote zikalia. Akamsifu Baba. Baba akainamisha kichwa, akasema ahsante kuelekea upande wa sauti. Kumbe hivyo tu. Ni rahisi watu kutoona.

Imebaki ya Halvor peke yake. Nimeifunga leo kwa shaba: silinda, bamba, nyundo ya pini. Nyundo yake bapa na silinda ya fataki nimeviweka kwenye mfuko wake wa ngozi.

Wakati wa kula nilimwambia Baba sitaenda. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Nilisema Denver haihami. Mwaka ujao, au mwingine. Nilisema nimefikiri.

Alipapasa meza mpaka akaupata mkono wangu, akaushika kama anavyoshika chuma anachotaka kukijua uzito.

Nitalala vizuri? Sijui. Nitalala kama jiwe lilalavyo.

Jumatano, 28 Machi

Nimekwenda kwa Bi Pruitt kumwambia kwamba sitaenda. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Alisema tu hataandika kuirudisha nafasi mpaka Jumatatu ya Pasaka, kwa sababu wiki hii ana homa na mkono wake hauandiki vizuri. Hana homa yoyote.

Niliporudi, Halvor alikuwa amekwisha kuja na kuondoka. Baba mwenyewe ndiye aliyemkabidhi bastola, kwa mkono wake. Jana niliuacha mkoba wangu wa makopo wazi. Nilidhani hakuna tena cha kulinda.

Alhamisi, 29 Machi

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Baada ya kifungua kinywa Baba aliniita. Alikuwa amesimama dirishani, uso kwenye ule mwanga kidogo.

"Otti. Bastola ya Halvor. Ina nyundo bapa."

Nilimwambia haiwezekani, nimeifunga mwenyewe.

"Niliibadilisha jana, kabla hajafika. Sijui kwa nini. Vidole vilishazoea."

Nilimwona Halvor Kipitoni, mfuko begani, mtu mbele yake njiani. Tik. Nikamwambia Baba maneno ambayo sitayaandika hapa. Hakujitetea. Aliyapokea yote akiwa ameelekea dirishani.

Kisha akaniambia kwa utulivu kama anayenitajia vipimo. Halvor hasafiri Ijumaa Kuu, dini yake haimruhusu. Kesho yuko Nyumba ya Lango mpaka alfajiri ya Jumamosi. Bi Trembath anapanda kesho na sleji. Ameshazungumza naye, kuna nafasi. Nyundo ya pini amekwisha kuitayarisha.

Kweli ilikuwa tayari. Ameifunga katika kitambaa cha mafuta na kukaza uzi mara nyingi. Bisibisi ndogo pia. Amenipangia begi mwenyewe kwa kupapasa: mkate mweusi, soseji, soksi, shali ya Mama. Na viatu vyangu vya kanisani.

"Viatu vya nini, Baba? Naenda na kurudi."

"Ukilowa miguu utabadilisha."

Na nguo yangu ya kijivu. Kwa sababu hiyo hiyo, kasema.

Bado nimemkasirikia. Lakini nimemkatia kuni za siku mbili na kuzipanga upande wa kushoto wa jiko, anakopenda.

Ijumaa, 30 Machi – Ijumaa Kuu. Nyumba ya Lango

Naandika kwenye meza ya Trembath, mlinzi. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo sitaweza.

Tuliondoka alfajiri. Baba alisimama mlangoni bila kofia. Nilimpa mkono kwa baridi, kama mteja. Aliushika muda mrefu kuliko biashara. Bi Trembath akapiga mdomo, nyumbu wakaenda. Nilitaka kugeuka, akaniambia, "Kaa sawa, mwanangu, ukijipindapinda utatumwaga wote." Mwanamke mwenye maneno mengi kama yule, na njia nzima hakusema lingine.

Huku juu mwanga ni mwingi mno. Nilikuwa nimesahau. Macho yalinitoka machozi kama ya mtu aliyetolewa handakini.

Halvor alikuwa amekaa kando ya jiko bila viatu, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Mwalimu! Mbona umekuja kutufundisha siku ya sikukuu?"

Nikamwambia anipe bastola yake. Labda kwa uso wangu, hakutania tena. Aliitoa kwenye ala, akaondoa risasi, akaiweka mezani. Nikakunjua kitambaa cha mafuta. Uzi ulikuwa umekazwa vibaya, ikabidi niukate kwa kisu.

Ndani mlikuwa na nyundo bapa.

Niliitazama. Nikaigeuza, kana kwamba upande wa pili ingeota pini. Ni ya Halvor mwenyewe, ile ya seti ya fataki. Ina kovu dogo pembeni ninalolijua. Kitu cha kwanza nilichofikiri: basi, na vidole vimekwenda. Macho yamekwenda na sasa vidole. Nimemwachia kuni upande wa kushoto, na hajui tena ipi bapa ipi ya pini. Nikaanza kulia mbele za watu, na Trembath akatoka nje kutazama nyumbu.

Halvor, asiyejua la kufanya, akaichukua bastola akaivuta nyundo nyuma. "Lakini kwani ina nini, Otti?" Hakuniita mwalimu. "Mbona Mzee Brandauer aliijaribu mbele yangu? Alipiga mara tatu kwenye gogo. Kelele mpaka mbwa wa jirani wakakimbia."

Akanigeuzia. Pini ilikuwa hapo, puani mwa nyundo. Ile ile niliyoifunga Jumanne. Skrubu zote midomo imeelekea mtutu.

Baba hakuigusa.

Nilikaa chini. Halvor aliendelea kusema kitu kuhusu mbwa. Nikatazama begi. Nguo ya kijivu. Viatu vya kanisani. Shali ya Mama. Nikamtazama Bi Trembath, naye alikuwa akikwangua sufuria ambayo ilikuwa safi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mimi najua kupika na kuendesha nyumbu," akasema. "Lakini kuanzia kesho nitapita kwa baba yako kila asubuhi na kila jioni, na akinifungia mlango nitaingia kwa dirishani, mwili huu huu. Hilo nimemwahidi. Alilia, fundi yule. Usimwambie nimekwambia."

Sleji ya upande wa pili imesimama nje. Inashuka kesho alfajiri, theluji ikiwa ngumu, mpaka kwenye reli. Halvor anasema kuna nafasi kati ya magunia, na kwamba yeye atatangulia mbele na mbao zake, na bastola yake inayolipuka.

Nimemrudishia nyundo yake bapa. Ameitia kwenye mfuko wa ngozi bila kuuliza. 

Miguu imelowa. Nimevaa viatu vya kanisani.

Sasa Bi Trembath anataka kushuka kabla jua halijalainisha njia. Ana watoto nyumbani. Nyumbu wamefungwa. Kuna nafasi kwenye sleji yake pia, ile ile niliyokuja nayo. Amesimama mlangoni, hatamu mkononi, na baridi yote inaingia.

"Nimwambie nini?" anauliza.

Nimesema, mwambie nyundo imekaa vizuri.

Ametikisa kichwa kwamba amesikia. Lakini haondoki. Anatazama kama nitainuka.